Mafuta gani kwa kompresa ya zamani? Minerali, alkilibenzeni, POE na PAG bega kwa bega

Wenzangu wa Bukavu wakinipigia simu kuhusu kubadili gesi, huanza na gesi yenyewe. "Masta, nitie 134 ama 404?" Mafuta huja mwisho wa mazungumzo, na mara nyingine huja kompresa ikiwa imeshaungua. Mimi huanzia upande wa pili. Gesi unaitoa na kuirudisha kwa mchana mmoja. Mafuta yamekaa ndani miaka ishirini, yamepaka kila bomba, na yakikataa gesi mpya hayakuambii siku hiyo. Yanasubiri wiki sita, mpaka samaki wa mteja waanze kulainika.

Haya nimeyaandika kwa frigoristi aliyesimama mbele ya friza ya R-12 au chumba baridi cha R-22, zile gesi za kupozea za zamani, na hajui achukue kopo lipi. Mwenye duka la nyama naye asome, maana pesa zinatoka mfukoni mwake na ana haki ya kumuuliza fundi anatia nini.

Shida inatoka wapi

R-12 na R-22 zina klorini. Klorini hiyo ikipanda juu inakula tabaka la ozoni, ndiyo maana Itifaki ya Montreal ya 1987 ikaanza kuzifungia mlango. Kwa nchi zinazoendelea, R-12 na ndugu zake ziliishia 2010. R-22 inabanwa hatua kwa hatua: kufikia 2025 matumizi ya kundi lake yalitakiwa kupungua kwa asilimia 67.5, na 2030 yapungue kwa asilimia 97.5, kile kidogo kinachobaki kiwe cha matengenezo tu hadi 2040. Anayepanga kuendesha chumba cha R-22 miaka kumi ijayo anapanga na gesi itakayokuwa adimu.

Klorini hiyo hiyo, lakini, ilikuwa inatufanyia kazi mbili ndani ya mashine bila sisi kuishukuru. Ilifanya gesi ishikane na mafuta ya madini, yale tunayoyaita minerali, kwa hiyo mafuta yaliyotoroka kompresa yalizunguka pamoja na gesi na kurudi nyumbani. Tena ilisaidia kulainisha, kwa kuacha utando mwembamba pale chuma kinaposuguana na chuma.

Gesi mpya, R-134a, R-404A na R-407C, hazina klorini. Ukizitia juu ya minerali, kila mmoja anakaa upande wake, kama maji na mawese. Mafuta yanatoka kompresa pamoja na mvuke wa moto, yanafika kwenye evaporeta (mabomba yanayopoza ndani), baridi inayafanya mazito, yanalala humo. Nililishuhudia jambo hili kwa kompresa yenye kioo cha mafuta, baada ya mtu kutia R-404A bila kugusa mafuta. Siku ya kwanza mafuta yalikuwa nusu ya kioo. Siku ya tatu yalikuwa robo. Siku ya tano niliangaza tochi nikaona chuma kikavu kinazunguka, na mwenye mashine ananiambia, "Lakini inapoza vizuri, papa." Ilikuwa inapoza kweli. Ilikuwa pia inakufa.

Ninapimia nini

Kila kopo naliuliza maswali yale yale. Linashikana na gesi zipi? Linavumiliaje maji? Linakubali kuishi na masalio ya mafuta ya zamani? Linataka vifaa gani? Na bei yake ikoje, na mwakani nitalipata tena? Mnato nao usisahau. Ile namba ya 22, 32, 46 au 68 kwenye kopo inapaswa kufuata anachosema aliyetengeneza kompresa, bila kujali umechagua aina gani ya mafuta. Sitairudia huko chini.

Kwenye maji nitakawia, kwa sababu hapa kwetu ndiyo yanayoua mashine nyingi, na sababu moja wengi hawaijui.

Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku inasukuma kwa milibari 850 hivi, wakati pwani ni 1,013. Kabla ya kutia gesi unanyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, ndiyo kuvuta vakumu. Sasa tazama manometa yako ya bluu, kile kipimo cha shinikizo. Ile namba ya chini kabisa, bari -1, hutaifikia hapa hata ukinunua pampu mpya ya kiwanda. Vakumu kamili ya Bukavu inasimamisha sindano karibu na -0.85. Fundi aliyeisoma kazi kwenye kitabu anaona -0.85 na kudhani pampu imechoka, anakesha bure. Mwenzake anaona -0.80, anasema imekaribia, inatosha, anafungua gesi. Huyu wa pili ndiye atakayerudishiwa mashine. Kati ya -0.80 na -0.85 tofauti kwenye uso wa manometa ni kama unene wa sindano, ila ndani ya bomba bado kuna milibari 50, na kwa shinikizo hilo maji huchemka yakifika nyuzi 33. Karakana yako asubuhi ya mvua ina nyuzi 20 tu. Maji hayachemki, hayatoki. Yanakaa pale pale kuyasubiri mafuta mapya.

Kwa hiyo manometa peke yake haitoshi. Kuna kipimo cha vakumu kinachosoma kwa mikroni, kizio kidogo sana cha shinikizo. Unashuka hadi 500 au chini yake, unafunga vali ya pampu, unaangalia namba. Ikipanda kidogo kisha ikasimama, bado kuna unyevu ndani. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Na ile pampu ya kienyeji tuliyolelewa nayo, kompresa ya frigo kuukuu iliyogeuziwa mabomba, haifiki huko. Kwa minerali ilitusamehe miaka mingi. Usiipeleke kwenye mafuta yanayofuata huko chini bila kusoma kwanza.

Minerali: kubaki na yaliyomo

*Gesi.* Minerali haishikani na R-134a wala R-404A. Zipo njia mbili za kuachana na klorini huku ukibaki nayo. Ya kwanza ni zile gesi mchanganyiko zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine za R-22, kama R-422D na R-438A. Watengenezaji walitia humo kiasi kidogo cha hidrokaboni (R-422D ina asilimia 3.4 ya isobutani) ili iyapunguzie mafuta uzito, yaweze kutambaa hadi kompresa. Ya pili ni hidrokaboni tupu: R-600a na R-290. Hizi zinashikana na minerali vizuri mno, na joto zinaloliongezea dunia ni dogo sana.

*Maji.* Hapa minerali ni mpole. Hainywi maji mengi, haioneshi hasira. Maji yakiwepo yataganda kwenye kapilari (lile bomba jembamba la kupitishia gesi) na utayajua mapema, frigo ikipoza na kuacha, ikipoza na kuacha.

*Masalio, vifaa, bei.* Hakuna cha kuosha. Kama mafuta ni meusi unayabadilisha kwa mapya ya aina ile ile. Ni ya bei ya chini kuliko yote na yanapatikana.

*Tahadhari.* Njia ya kwanza haipendi mabomba marefu yenye kupanda ghorofani, wala vyumba vya kugandisha sana. Mafuta yanarudi, lakini kwa uvivu. Watengenezaji wenyewe hushauri, kioo kikianza kushuka, utoe sehemu ya minerali na kutia kiasi cha POE, mafuta ya esta nitakayoyaeleza huko chini. Njia ya pili inawaka moto. R-290 ni propani, na R-600a ni jamaa wa gesi ya jikoni. Kwenye frigo iliyotengenezwa kwa R-12, temostati, swichi ya taa na rile ya kompresa vyote vinatoa cheche, na baadhi viko ndani mle mle gesi itakapovujia. Halafu frigo yenyewe ipo kwenye chumba kimoja na mbabula ya makala (jiko la mkaa). Frigo mpya ya R-600a ina gramu chache za gesi na swichi zake zimefungwa. Ya zamani uliyoigeuza haina ulinzi huo mpaka uitengenezee wewe. Sikatazi. Nasema tu kwamba anayeandika "nimetia gesi ya kisasa" bila kugusa swichi hajamaliza kazi.

*Anayefaa.* Mwenye chumba cha R-22 kidogo, mabomba mafupi, cha kuhifadhi nyama mbichi au vinywaji. Na fundi asiye bado na kipimo cha mikroni.

Alkilibenzeni: ndugu wa katikati

Haya ni mafuta ya kutengenezwa kiwandani, si ya kuchujwa tu kutoka mafuta ghafi. *Kwa gesi*, yanashikana na R-22 kwenye baridi kali kuliko minerali, na yanashikana na hidrokaboni. R-134a hayaitaki. Zamani yalikuwa mafuta ya safari ya mpito: R-401A, R-408A, R-409A, zote zilitegemea haya. Shida ni kwamba gesi hizo zote zina R-22 ndani, kwa hiyo hazijaachana na ozoni. Ni kama kuhama nyumba ukabaki kwenye ua ule ule.

*Maji:* yanayanywa kidogo kuliko POE, karibu na minerali. *Masalio:* yanachanganyika na minerali kwa kiasi chochote, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. *Vifaa:* vya kawaida. *Bei:* katikati, lakini kuyapata Bukavu ni kubahatisha. Ukiyapata leo, usimwahidi mteja kuwa utayapata kesho.

*Anayefaa.* Mwenye friza kali ya R-22 inayosumbua kurudisha mafuta, ambaye ataendelea na R-22 mwaka mmoja au miwili huku akikusanya pesa ya mashine mpya. Au anayehamia R-422D na wenzake, anataka kuyasaidia mafuta yarudi bila kuingia gharama yote ya POE. Zaidi ya hapo, sioni sababu ya kuyatafuta.

POE: yanayotakiwa na gesi mpya karibu zote

POE ni poliolesta. *Kwa gesi* hayana mshindani: yanashikana na R-134a, R-404A, R-407C na R-410A, na yanashikana pia na R-22 na R-12. Sifa hiyo ya mwisho itakusaidia, kwa sababu unaweza kubadilisha mafuta kwanza ukiwa bado na gesi ya zamani ndani.

*Maji* ndipo penye kesi. Esta hutengenezwa kwa kuunganisha asidi na alkoholi, na katika kuungana huko maji hutolewa. Ukirudisha maji na joto, safari inakwenda kinyumenyume: asidi inazaliwa upya, safari hii ndani ya kompresa yako. Kopo jipya lililofungwa huwa na chini ya sehemu 50 za maji kwa milioni. Liache wazi kwenye hewa ya Bukavu mwezi wa tatu, kwa saa chache litakuwa limekunywa mamia, na halishibi hadi lipite 1,000. Minerali hushiba kabla ya 100. Kingine ambacho wengi hawakijui: maji yaliyokwisha kuingia ndani ya POE hayatoki kwa vakumu kirahisi. Pampu inakausha mabomba. Mafuta yenyewe yatakaushwa na filta, polepole, kama filta ni mpya na ni ya aina inayofaa gesi hizi.

Kosa langu lilikuwa hili. Kazi ya kwanza ya POE niliyofanya peke yangu ilikuwa chumba cha mfanyabiashara wa samaki wa barafu, upande wa Kadutu. Mafuta nilinunua nusu lita ndani ya chupa ya maji ya kunywa, kwa sababu muuzaji alikuwa amefungua kopo kubwa na kuligawa. Nilifurahia bei. Plastiki ile inapitisha unyevu, na hata isingepitisha, kopo la muuzaji lilikuwa limefunguliwa nani ajuaye lini. Mashine iliungua mwezi wa nne. Nilipoipasua kompresa, vibamba vya vali vilikuwa vimepakwa shaba, vyekundu na vinang'aa kama sarafu iliyotoka benki. Asidi ilikuwa imekula mabomba ya shaba na kuja kuyapaka pale chuma kilipo moto zaidi. Harufu ya mafuta yenyewe ilikuwa kali, ya kukwaruza pua. Kompresa nililipa mimi. Tangu siku hiyo sinunui POE isipokuwa kwenye kopo la chuma lenye muhuri, na ninanunua makopo madogo ili kilichobaki kisiwe kingi cha kujuta.

*Masalio.* POE hayavumilii minerali nyingi. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni chini ya asilimia 5, na kwa kugandisha sana inatakiwa iwe chini zaidi. Kumwaga mara moja hakukufikishi, kwa kuwa mafuta yamelala kila mahali. Utaratibu ni huu: mashine ikiwa bado na R-22, mwaga minerali, pima umetoa kiasi gani, tia POE kiasi kile kile, iendeshe siku nzima au mbili. Mwaga tena. Rudia. Kwa kawaida mara ya tatu inatosha, na kipimo kidogo cha macho kinachoitwa refraktometa kinakuambia umebakiza asilimia ngapi kwa tone moja. Hapo ndipo unapoitoa R-22, na uihamishie ndani ya chupa ya gesi, usiipulizie angani. Kazi yote hii ni kwa ajili ya ozoni. Badilisha filta. Badilisha pia raba na vimioyo vya vali za kujazia: raba zilizovimba kwa miaka mingi ya R-22 hunywea zikikutana na gesi mpya, na mashine iliyokuwa haivuji inaanza kuvuja kila kiungo.

POE pia ni kisafishaji kikali. Uchafu uliotulia kwenye mabomba tangu mashine inunuliwe unang'olewa na kupelekwa kwenye filta na vali. Filta ya kwanza ukiikuta imeziba baada ya wiki, usishangae, ipangie bei mapema. Mafuta haya yakidondoka juu ya rangi ya gari au bomba la PVC yanaharibu, na ngozi yako haitayapenda. Vaa glavu.

*Vifaa.* Pampu ya kweli, kipimo cha mikroni, azoti (naitrojeni) kavu ya kusukumia unyevu na ya kupitisha ndani wakati wa kuchomelea. Bila azoti, masizi meusi yanajengeka ndani ya bomba unalochomelea, na POE itayabeba yote.

*Bei.* Mara kadhaa ya minerali, halafu zidisha kwa tatu kwa sababu ya kuosha. Kompresa yenye kifuniko cha bolti na tundu la kumwagia, hesabu lita mbili hadi nne kila mzunguko. Ile ya mviringo iliyochomelewa yote haina tundu: lazima uikate, uiinamishe, mafuta yatoke kwa bomba la kunyonyea, kisha uirudishe. Mara tatu! Kwa frigo ya nyumbani hesabu hiyo haisimami.

*Anayefaa.* Mwenye chumba baridi cha thamani, kompresa ya kufungulika, na fundi mwenye vifaa. Na yeyote anayeweka kompresa mpya, kwa kuwa hapo hakuna cha kuosha kwenye kompresa, ni mabomba tu.

Neno moja kuhusu umeme, kwa sababu delestaji (mgao wa umeme) inaingia kwenye kesi hii. Umeme ukikatika usiku kucha, kile kipasha joto cha chini ya kompresa nacho kinazima. Gesi inahamia kwenye mafuta yaliyopoa. POE inaimeza vizuri sana, na asubuhi umeme ukirudi kompresa inawaka, gesi inatoka ghafla kama soda iliyotikiswa, povu linabeba mafuta nje. Kwa R-404A juu ya minerali ni vibaya zaidi: gesi ya maji maji inakaa chini ya mafuta, na pampu inanyonya gesi tupu. Vyovyote utakavyochagua, mfundishe mteja aache kipasha joto kifanye kazi saa kadhaa kabla ya kuwasha kompresa, au weka kontakta yenye kuchelewesha.

PAG: ya magari, iachwe huko

PAG ni polialkilini glikoli, mafuta mengine ya kiwandani. *Gesi:* R-134a ya magari, hapo ipo nyumbani. *Maji:* inanywa kuliko POE mara nyingi, inaweza kupita sehemu 10,000 kwa milioni, ila haivunjiki kuwa asidi kama esta. *Masalio:* klorini iliyobaki kutoka R-12 inaiharibu, kwa hiyo gari kuukuu la R-12 linalohamia R-134a bila kuoshwa sana linafanya vizuri zaidi kwa mafuta ya esta. *Vifaa:* vile vile vya POE, pamoja na haraka ya kufunga kopo. *Bei:* si mbaya, na inapatikana popote wanapouza vipuri vya magari. Ndiyo hatari yake. Fundi asiye na POE anaona PAG, imeandikwa R-134a, anaitia kwenye frigo. PAG hupitisha umeme kuliko mafuta mengine, na ndani ya kompresa ya frigo nyaya za mota zinaoga ndani ya mafuta. Gari la kawaida halina shida hiyo, kompresa inazungushwa na mkanda. Gari la haibridi linayo, kompresa yake ni ya umeme. Humo weka esta ile aliyotaja mtengenezaji, basi.

*Anayefaa:* fundi wa klima (viyoyozi) za magari.

Ipo pia PVE, aina nyingine ya mafuta ya kiwandani, unayoweza kuikuta kwenye klima za R-410A kutoka viwanda vya Japani. Ukiikuta imeandikwa kwenye kompresa, rudisha PVE. Sijaona sababu ya mtu kuihamishia mashine ya zamani.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Frigo ya nyumbani ya R-12, okazyo (mtumba) ya Ulaya, na gesi imeisha: usiioshe kwa POE, gharama itapita thamani yake. Ama uibadilishie kompresa nzima kwa ya R-134a ambayo tayari ina mafuta yake, ama ubaki na minerali na hidrokaboni, kwa sharti la swichi kuhamishwa na tundu kuzibwa kweli. Kama chumba inamolala ni kile kile kinachopikiwa, chagua la kwanza. R-600a peke yake inahitaji kompresa kubwa kuliko ya R-12 ili ipoze sawa, kwa hiyo kuimwaga tu kwenye ya zamani kutakupa frigo vuguvugu.

Bucha lenye chumba cha R-22 cha nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri, mabomba ya mita chache, kompresa ingali na nguvu: R-422D au R-438A juu ya minerali, angalia kioo kila siku kwa wiki mbili. Kikishuka na hakirudi, tia POE sehemu.

Friza ya kugandisha samaki, mabomba marefu, kompresa ya kufungulika, na mteja anataka imtumikie miaka mingine kumi: POE na mizunguko yake yote mitatu. R-404A inapatikana, lakini mwambie mteja mapema kuwa joto lake kwa dunia ni karibu mara 3,900 ya kabonidayoksaidi, na makubaliano yaliyofanyika Oktoba 2016 hapo Kigali, ng'ambo ya mto Ruzizi, yanazibana gesi za aina hiyo pia. R-449A inatumia POE hiyo hiyo, kwa hiyo mafuta utakayoweka leo hayatakuwa hasara ukibadili gesi baadaye.

Kompresa imeungua na mafuta yananuka asidi: usijadili kubaki na minerali wala kuokoa chochote. Osha mabomba, weka filta ya kunyonya asidi upande wa kunyonyea, iondoe baada ya siku chache, kompresa mpya, POE kutoka kopo lililofunguliwa saa ile ile.

Huna kipimo cha mikroni na huwezi kukiazima: kataa kazi ya POE. Mpeleke mteja kwa mwenzako, mgawane.

Na ukimaliza, chochote ulichotia, kiandike kwenye kompresa: gesi, aina ya mafuta, mnato, tarehe. Karatasi inaanguka na kalamu inafutika kwa jasho la bomba. Mimi hutumia rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, na naiandika mbali na mdomo wa kujazia mafuta, kwa sababu POE ikidondoka inaifuta hiyo pia.